Hofu ya Kandokando ya Ziwa na Vitabu vya Vijana

Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilitoa kitabu chembamba cha hadithi, kazi ya kwanza ya kijana wa Ukerewe mwenye umri wa miaka 27, aliyekuwa amehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka uliotangulia. Kitabu chaitwa Rosa Mistika, na mwandishi wake ni Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Namagondo. Haukupita muda mrefu kikapigwa marufuku mashuleni, kwa kuwa kilionekana kufunua mambo ya mapenzi kuliko iwapasavyo wanafunzi. Kama ilivyo ada ya marufuku, kitabu kilizidi kutafutwa. Miaka ilipopita marufuku ikaondolewa, na kitabu kilekile kikaingia madarasani, kikasomeshwa labda na walimu waliokisoma kwanza kwa kificho.

Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya kitabu hicho. Wamekieleza kuwa ni kitabu cha malezi, cha ulevi wa baba, cha elimu ya kigeni na cha dini. Yote hayo ni kweli. Lakini kijana wa miaka 15 au 16 asomaye usiku hakisomi kwa ajili ya malezi. Hukisoma kwa sababu kinamtisha. Mwenye kuwindwa ndani yake ni msichana wa umri wake; wanaomwinda wana nguvu zipitazo nguvu zake; na mwishoni mlango wa dunia nyingine wafunguliwa, wafu wakaonekana wakisema. Hadithi yenye mambo hayo ni ndugu ya hadithi za kutisha zinazopendwa na vijana ulimwenguni kote, hata kama haina jini wala zimwi. Yafaa basi kuuliza jambo ambalo halijaulizwa vya kutosha: hofu iliyomo katika vitabu vinavyosomwa na vijana wa Mwanza na visiwa vyake imetoka wapi, na inawafundisha kumwogopa nani?

Katika Usukuma kulikuwa na hadithi ya namna hiyo muda mrefu kabla herufi hazijafika. Shing'weng'we, zimwi lisiloshiba, liliwameza watu wote pamoja na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Mwanamke yule akazaa mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa. Mtoto alipokua aliuliza watu wamekwenda wapi, na alipoambiwa akaondoka kwenda kulitafuta zimwi. Mara nyingi alirudi na mnyama mdogo akidhani kuwa ndilo, na kila mara mama yake alimwambia kuwa bado. Hatimaye alilipata, akaliua, akalipasua tumbo, na watu wote wakatoka wazima. Hapo hadithi nyingi za mataifa mengine zingekoma kwa vigelegele. Ya Kisukuma haikomi. Katika kupasua tumbo, kisu cha kijana kilikata sikio la bikizee mmoja. Bikizee akakasirika, akataka kumroga mkombozi wake. Kijana akatafuta dawa, akamponya sikio, na ndipo amani ikapatikana.

Mapadre wa Afrika waliokaa Usukuma waliipenda sana hadithi hii kwa sababu walimwona Masala Kulangwa kuwa ni mfano wa Masiha. Siwalaumu. Hata hivyo naona walipita haraka mno mahali pa sikio. Huyu bikizee ni nani? Amemezwa kama wenzake, amekaa gizani kama wenzake, na ametoka na jeraha ambalo wenzake hawakulipata. Ana haki ya kulalamika. Lakini msimulizi haoni lalamiko; aona uchawi. Zimwi limekufa, na papo hapo hofu imepata mwenyeji mwingine, naye ni mwanamke mzee. Yeyote ajuaye mambo yaliyotokea mikoa ya Mwanza na Shinyanga katika karne ya 20 hawezi kuisikiliza sehemu hiyo ya hadithi bila kushtuka.

Wapo wadhanio kuwa hofu ya uchawi ni kitu cha tangu na tangu, kisicho na mwanzo wala mabadiliko, kama mawe ya Mwanza yaliyosimama majini. Mwanahistoria Gerald Hartwig, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Ukerewe mwishoni mwa miaka ya 1960, alikataa wazo hilo. Katika maandishi yake ya mwaka 1971, na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya Wakerewe na biashara ya masafa, alieleza kuwa hofu ya uchawi kisiwani ilikua na kubadilika katika karne ya 19, na kwamba iliambatana na biashara ya pembe za ndovu. Hoja yake, nikiieleza kwa maneno yangu, ni hii. Zamani msiba ulipompata mtu, watu walitazama kwanza kwa wazimu wa wahenga: nani amesahauliwa, sadaka gani haikutolewa. Ilipokuja biashara, pembe zikaenda pwani na shanga na nguo zikarudi. Wachache wakatajirika kwa namna ambayo majirani hawakuizoea. Pamoja na misafara yakaja maradhi mageni, na vifo vikawa vingi. Ndipo jicho likageuka kutoka kwa wafu likawaangalia walio hai. Aliyepata alishukiwa kuwa amepata kwa kuua, na aliyekosa alishukiwa kuwa anaua kwa wivu.

Hoja hii naiona kuwa ni ya thamani kubwa kwa msomaji wa hadithi, si kwa mwanahistoria peke yake. Yaonyesha kuwa hofu ina tarehe. Kitu kilicho na tarehe kilianza, na kilichoanza chaweza kuchunguzwa kilianzaje.

Ukerewe ina shahidi mwingine, naye ni Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na wamisionari. Alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe hadithi ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Kitereza aliandika ili vijana wasisahau mambo ya wazee wao, na ndani ya kitabu chake waganga, ramli na dawa vina mahali pake kama vilivyo na mahali pake jembe na mtumbwi. Lakini kitabu hakitishi. Kinaeleza hofu ya ndoa isiyo na mtoto kwa utulivu wa mtu anayesuka kikapu. Kwa bahati mbaya urefu wake umewafanya vijana wengi wakijue kwa jina tu.

Vitabu vilivyosomwa hasa na vijana wa shule wakati wa ukoloni vilikuwa vingine. Mwaka 1929 zilitoka tafsiri za Frederick Johnson, zikiwamo Kisiwa Chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Katika hiki cha pili yumo Gagool, bikizee mwenye umri usiohesabika, ambaye anapita katikati ya majeshi akiwanusa wachawi, na kila amgusaye anauawa palepale. Msomaji wa Kisukuma alikutana hapo na sura aliyoifahamu, ila sasa ilikuwa imechapishwa, imepigwa mhuri wa shule, na imetoka Uingereza. Sijui kama kuna jambo linalothibitisha hofu ya mtoto kuliko kuikuta katika kitabu alichopewa na mwalimu.

Mwaka 1960 mambo yalichukua mwelekeo mwingine. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda shindano la uandishi la Bureau la mwaka 1957 na 1958, alitoa Mzimu wa Watu wa Kale. Jina la kitabu laahidi mzimu, na mwanzo wake watoa maiti penye mzimu. Lakini Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi, hakubali kuwa mzimu umekata kichwa cha mtu. Anauliza nani alikuwapo, nani alinufaika, nani alisema uwongo. Mwisho wa kitabu mzimu umebaki mahali pake, na mkono uliotenda ni wa binadamu. Abdulla hakuhubiri dhidi ya imani ya mtu yeyote. Alifanya msomaji azoee kuuliza swali la pili.

Na sasa turudi kwa Rosa.

Rosa ni binti wa Zakaria, mlevi aliyekuwa mwalimu zamani, na wa Regina, mama mvumilivu. Wapo na wadogo zake. Siku moja barua ya mvulana aitwaye Charles yagunduliwa, na baba yake ampiga kipigo ambacho msomaji hakisahau. Tokea hapo Rosa awaogopa wanaume. Anapokwenda kusoma sekondari Mwanza anabeba hofu hiyo kama wenzake wanavyobeba masanduku. Hofu haikumlinda. Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu wa serikali mwenye heshima, ndiye anayeivunja kwa hila. Katika chuo cha ualimu Morogoro mkuu wa chuo mwenyewe aonyesha kuwa cheo si ngao ya msichana bali ni mtego. Rosa abadilika, atoa mimba, achakaa moyo. Arudi nyumbani, na tumaini la kuolewa na Charles lafufuka, kisha lafa, kwa sababu Charles alimtaka msichana yule wa kwanza ambaye hayupo tena. Rosa ajiua. Ndipo inakuja ile sura ya mwisho iliyowashangaza wengi: Rosa na baba yake, wote wafu, wabishana mbele ya hukumu ni nani aliyeleta maangamizi haya.

Jina la kitabu limetoka katika litania ya Bikira Maria, ambamo anaitwa waridi la fumbo. Kezilahabi alisoma seminari ya Nyegezi, nje kidogo ya mji wa Mwanza, na litania ile alikuwa akiisikia tangu utotoni. Waliokasirishwa na kitabu waliona kuwa jina takatifu limechezewa. Mimi naona kinyume. Mwandishi alimpa msichana wa kijijini jina la juu kabisa alilolijua, kisha akaonyesha lilivyokanyagwa.

Kwa uandishi, sura hiyo ya mwisho ina upungufu wake. Roho zinazungumza kama wanafunzi katika mdahalo, na hoja zinapokezana upesi kuliko majonzi yanavyoruhusu. Mhakiki mkali angesema kuwa mwandishi alikuwa na umri wa kutaka kusema kila kitu. Lakini kwa msomaji kijana sura hiyo ndiyo inayotisha kupita zote. Katika hadithi za kawaida kifo hufunga kesi. Hapa kifo kimeifungua. Baba aliyepiga anaulizwa na aliyepigwa, na hana fimbo tena. Mtoto aliyezoea kunyamaza mbele ya wakubwa ashuhudia mtoto mwenziwe akisema, hata kama ilimlazimu kufa kwanza. Nashuku kuwa jambo hili liliwaudhi wakubwa kuliko habari za mapenzi, ingawa katika marufuku ni mapenzi ndiyo yaliyotajwa.

Tazama basi tofauti yake na hadithi ya sikio. Kisiwa cha Rosa ni kisiwa kilekile cha Hartwig, chenye hofu ya uchawi iliyokomaa kwa miaka mia. Mwandishi angeweza kwa urahisi kabisa kuwapa watu wa Namagondo mchawi wa kulaumu, na majirani wengi wangemsadiki. Katika habari ya Rosa hakufanya hivyo. Wanaomwangamiza wana majina, mishahara na vyeo. Mmoja ni baba, mmoja ni ofisa, mmoja ni mkuu wa chuo. Hakuna hata mmoja anayeruka usiku.

Miaka sita baadaye, mwaka 1977, Claude Mung'ong'o alitoa Mirathi ya Hatari, hadithi ya kijana wa shule aitwaye Gusto ambaye baba yake, akifa, amwachia uchawi kuwa urithi. Ni hadithi ya nyanda za juu za kusini, si ya Ziwa, nami naitaja kwa sababu ndiyo riwaya fupi ya Kiswahili iliyokaribia zaidi kuwa hadithi ya kutisha hasa. Nguvu yake imo katika neno urithi. Mtoto hakuchagua; mali ya mzazi imemfikia kama deni. Hapo Mung'ong'o na Kezilahabi wakutana, kwa kuwa Rosa naye alirithi.

Na katika miaka hiyohiyo, kandokando ya Ziwa, hofu haikuwa ya vitabuni. Katika Usukuma wanawake wazee walikuwa wakiuawa kwa kushukiwa uchawi, mara nyingi kwa mapanga na usiku. Dalili moja iliyotajwa dhidi yao ilikuwa macho mekundu. Atakayeingia katika jiko la kijijini mahali ambapo miti imekwisha, akamwona mwanamke aliyepikia kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa miaka 40 au 50, hatahitaji mganga wa kumweleza wekundu huo. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928, ambayo ilimkamata anayejidai kuwa mchawi na anayemtaja mwenzake kuwa mchawi vilevile, lakini sheria haikuingia jikoni. Mwaka 1976 serikali iliendesha msako mkubwa wa wauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Watu waliokamatwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani na ambaye baadaye angekuwa Rais, alijiuzulu kwa ajili ya mambo hayo ingawa hakuyatenda kwa mkono wake. Taifa lilisifu kujiuzulu kwake, na lilistahili sifa. Vikongwe hawakutajwa sana katika sifa hizo.

Juu ya Nagona, riwaya fupi ya Kezilahabi ya mwaka 1990, nitasema machache. Msafiri apita katika nchi ya kimya ambamo wafu wa falsafa, Plato na Nietzsche wakiwamo, wanazungumza. Ina mizimu mingi kuliko vitabu vyote nilivyovitaja, lakini hofu yake ni ya akili, na kijana anayeifungua akitafuta msisimko huifunga upesi. Mwandishi alifariki Januari 2020, na vijana waliomjua kwa vitabu walikuwa bado wanamjua kwa Rosa kwanza.

Tangu mwaka 2007 hofu ya Ziwa ilipata sura mpya ambayo dunia nzima ilisikia. Watu wenye ualbino, wengi wao watoto, waliwindwa na kukatwa viungo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa kuwa waganga wa ramli waliuza uwongo kwamba viungo hivyo huleta utajiri migodini na katika uvuvi. Watu waliouawa walikuwa makumi. Shule ya msingi Mitindo, wilayani Misungwi, iligeuka kuwa maficho ya watoto waliotengwa na wazazi wao ili wapate kuishi, na Buhangija huko Shinyanga vivyo hivyo. Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku ya waganga wa namna hiyo. Msomaji wa Hartwig atatambua kanuni ileile. Utajiri wa ghafla umeonekana, njia yake haieleweki, na mtu fulani dhaifu lazima awe ndiye njia.

Wanafunzi wa sekondari wa Tanzania wamesoma kwa Kiingereza Takadini ya Ben Hanson, habari ya mtoto mwenye ualbino na mama yake aliyekimbia kijiji ili asiuawe. Mandhari yake ni ya Zimbabwe ya kale, na umbali huo wampa mwalimu wa Mwanza nafasi ya kusema bila kumtaja jirani. Umbali huo pia ni kasoro yake, kwa maana mwanafunzi aweza kufunga kitabu akaona kuwa ni mambo ya watu wengine na ya zamani.

Golden Boy ya Mmarekani Tara Sullivan, iliyotoka mwaka 2013, haitoi nafasi hiyo. Habo, mvulana wa miaka 13 mwenye ualbino, asafiri na jamaa zake kutoka upande wa Arusha kupitia Serengeti kwenda Mwanza kwa shangazi, wakitumaini riziki. Wafikapo ndipo wanaambiwa wamemleta mtoto mahali pabaya kuliko pote. Mvulana afichwa ndani, mwindaji aitwaye Alasiri aja kumtafuta, na Habo akimbilia Dar es Salaam, ambako Kweli, mzee kipofu mchonga vinyago, ampokea bila kuiona rangi yake. Upofu huo wa mzee naona ni njia nyepesi kidogo ya kuleta wema. Ningependa zaidi mtu mwenye macho yake mawili ampokee mtoto kwa kumwona alivyo. Lakini katika jambo moja mwandishi huyo wa mbali alilenga sawasawa, kwa kujua au kwa bahati. Jamaa za Habo walipokutana na Alasiri njiani, mawindo yake hayakuwa watu bado. Alikuwa akiwinda ndovu porini Serengeti kwa ajili ya pembe, biashara ileile iliyoanza kubadili usingizi wa Wakerewe katika karne ya 19. Na alipofika Mwanza akasikia bei nyingine.